Risala ya wanamazingaombwe kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, wazee wetu wa mtaa, kina mama, vijana wenzetu na nyinyi watoto mliokaa mbele (jamani rudini nyuma kidogo), asalaam aleikum na habari za jioni.

Kwanza twakushukuru sana kwa kuitikia mwaliko, twajua una shughuli nyingi na bado umefika mapema, saa moja tu baada ya muda tulioandika kwenye kadi, na kwa wageni rasmi tuliozoea sisi hiyo ni heshima kubwa.

Kikundi chetu kilianzishwa na vijana wa Mji wa Kale hapa Mombasa wenye pakiti moja ya karata na YouTube, historia ndo hiyo basi. Leo tuna wanachama mpaka Kisauni, Likoni na Changamwe, twakutana kila Jumapili kupeana triki, wa kamba anamfunza wa sarafu na wa sarafu anamfunza wa kamba. Mafanikio ni mengi. Tumetumbuiza maharusini, Idd tukafanya onyesho Makadara, na kimataifa pia tumefika maana kuna watalii walitupiga video nje ya Fort Jesus wakaenda nayo kwao.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Chumba.

Mheshimiwa, sisi twakutana barazani kwa mwenzetu mmoja huko Kibokoni. Baraza ni nzuri kwa kahawa na kashata ila kwa mazingaombwe haifai hata kidogo. Ulivyomuona kijana wetu akiipoteza ile shilingi ishirini, iko wapi sitasema, sheria ni sheria, lakini ujue tu kwamba triki nzima yategemea wewe umekaa upande gani. Barazani watu wapita kila upande, mtoto katumwa unga dukani akifika hapo apiga kelele "iko mkono ule mwingine!" na mazoezi ya wiki nzima yamekwisha. Kusi ikivuma karata zapeperuka mpaka mtaroni, na siku hakuna upepo ni ule unyevu wa bahari, karata zavimba zashikana, wataka kutoa moja zatoka tatu. Halafu kuna jirani anasema twafuga majini, tukamueleza mama hiki ni kiinimacho tu, wepesi wa mikono, akasema hata waganga husema hivyo hivyo.

Wenzetu wa Magic Circle, chama cha wanamazingaombwe kule London, walianza 1905, nao mkahawani vilevile, na leo wana jumba lao lenye ukumbi. Sisi jumba hatutaki. Twaomba ile stoo iliyo nyuma ya ukumbi wa mtaa, ile yenye viti vibovu. Viti tutavitoa wenyewe, rangi tutapaka wenyewe, pazia jeusi lishashonwa liko kwa mweka hazina. Kilichobaki ni ufunguo na karatasi yenye saini.

Ombi hili si geni. Mgeni rasmi wa mwaka juzi alisema kabla ya Ramadhani tutakuwa ndani, hakutaja Ramadhani ya mwaka gani. Wa mwaka jana alienda mpaka stooni, akaipima kwa hatua zake mwenyewe, akapigwa picha mlangoni, akatuachia namba ya msaidizi wake na mpaka leo huyo msaidizi yuko kwenye mkutano. Hatumlaumu mtu. Ila kupoteza vitu ndo kazi yetu Mheshimiwa, na kwetu kitu kikipotea hurudi hapo hapo watu wakiona, sasa hizi ahadi zatushinda hata sisi wenye fani.

Wewe twajua ni tofauti, ndo maana hatukukuletea ombi la mdomo. Katibu amekaa kushoto kwako, barua anayo, nakala tatu, na kalamu ni ya kawaida, wino haupotei, tumeijaribu. Pilau pia iko tayari, lakini kamati imeonelea barua itangulie kwa sababu miaka yote ilitangulia pilau.

Ahsante sana.
Ni sisi wanakikundi wako.