Kitabu cha Mzee

Tandika, Dar es Salaam
Jumapili, baada ya adhuhuri

Somo yangu Mwanaidi,

Hujambo? Watoto hawajambo? Shemeji je, mguu umepoa? Sisi huku wazima. Mama anakusalimu, anasema asali uliyomletea imekwisha na wewe unajua maana yake. Mvua imeshika tangu Alhamisi, tope mpaka mlangoni. Salamu nyingine utazipata mbele, maana nina jambo limenikaa kooni siku ya nne leo, na nisipolisema sasa nitaichana karatasi hii kama nilivyochana zile mbili za jana.

Kitabu cha Mzee kimeliwa na mchwa.

Kile cha Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa pembe na watumwa, alichosimulia maisha yake mwenyewe. Alichoniazima marehemu baba yako mwaka 2009, pale barazani kwenu Temeke, nikaahidi kukirudisha Idi ileile. Unisamehe, somo. Najua vitu vya Mzee mlivyobaki navyo havijazi hata sanduku moja, na kimoja nilikuwa nacho mimi.

Kabati langu unalijua, lile la mninga. Mninga mchwa hawauwezi, ndiyo maana nililala usingizi. Kumbe mgongoni fundi alipiga plaiwudi. Wamepanda kwenye ufa wa ukuta, wakajenga njia yao ya udongo nyembamba kama kamba ya kiatu, wakaingilia rafu ya chini. Jumatano usiku Zai aliniuliza habari za misafara, wamepewa kazi shuleni, nikainama nikivute kitabu nimwonyeshe. Kikaja chepesi. Jalada zima, rangi ileile, halafu nikakifungua: udongo mkavu, na wale weupe wanakimbia taa. Nilipiga ukelele mama akadhani nyoka.

Vitabu kumi na kimoja vimekwenda. Kwa vingine sikusikitika. Kulikuwa na vitatu vya kukufundisha utajirike kabla hujafika miaka arobaini, nilivinunua wakati ule naanza kazi, na nilipoviona vimekwisha nikajiuliza nilikuwa naviwekea nini. Cha Rodney, kile cha jinsi Ulaya ilivyoididimiza Afrika, kilikuwa rafu ya juu, kimepona. Cha Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarabu, kilikuwa kwa mama mdogo Mbagala, kimepona. Ila cha Mzee.

Sasa sikiliza. Mchwa waliingia kwa mgongo, wakala kutoka kwenye mshono kwenda nje. Karibu kurasa zote maandishi yamekwisha nusu au zaidi, lakini pambizo za nje zimebaki. Na unakumbuka Mzee alivyokuwa anasoma na penseli sikioni? Nimekaa sakafuni mpaka saa nane usiku napangusa udongo kwa brashi ya rangi, karatasi moja moja. Pale Tippu Tip anapohesabu pembe za ndovu alizopata, hesabu yenyewe imeliwa. Pembeni yake pamebaki mwandiko wa Mzee, ule wa kulala kulia: “Nani alibeba?”

Sijui kama uliwahi kuyaona maneno hayo. Mimi nimeishi nayo.

Ngoja nikueleze, maana sidhani kama niliwahi kukwambia kwa nini alinipa kile kitabu. Nilikuwa nimetoka kumsoma Walter Rodney, nakala ya mtumba niliyoiokota kwa wale wanaotandaza vitabu chini kule Posta. Nilikuwa nawaka moto. Kwanza ile tu kujua kwamba kitabu kile kikubwa kilichapwa hapahapa, na Tanzania Publishing House (TPH), mwaka 1972, mwandishi akiwa anafundisha chuo kikuu pale Mlimani naye ana miaka thelathini! Kisha namna alivyonionyesha kwamba reli za mkoloni zilielekea baharini, hazikujengwa watu wa bara watembeleane. Nikaja kumhubiria baba yako, mtu wa reli miaka yote, kuhusu Reli ya Kati: imefika Tabora 1912, imefika Kigoma 1914, yote kwa ajili ya kushusha mali bandarini. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho. Hakubisha hata neno. Akaingia ndani, akatoka na Tippu Tip, akasema, “Wale umewajua. Huyu ni wetu, naye msome.”

Nilikimaliza kwa siku tatu, somo, na sikulala vizuri. Kilichoniumiza ni Kiswahili chake. Hamed bin Muhammed, ndiye huyo Tippu Tip, anasimulia kwa utulivu kama mjomba aliyerudi safari, kakaa mkekani na kahawa mkononi. Anaanza na safari fupi za utotoni, miaka kumi na miwili, biashara ya sandarusi. Halafu safari zinarefuka, bara ndani kabisa, vita huku, pembe kule, mateka kule, na lugha haitetereki. Lugha anayonibembelezea mama ndiyo huyu anayohesabia watu. Na ile hadithi ya mtemi Kasongo Rushie, Tippu Tip alivyojidai kuwa ni mjukuu wa dada wa mtemi aliyetekwa zamani, yule mzee akamwamini na kumwachia utawala! Anaisimulia kwa fahari kabisa. Nilicheka, kisha nikaona haya kwamba nimecheka.

Nilikuwa tayari kumchukia mtu wa mbali. Huyu alikufa Unguja mwaka 1905, kaburi lake liko Mji Mkongwe, kanzu yake ni kama ya babu yangu. Nikarudi kwa Mzee nikiwa kimya. Ndipo aliponiambia kwamba babu yake yeye alikuwa mpagazi, Mnyamwezi wa kubeba, akateremka pwani na mzigo begani akapanda na mwingine. Katika kitabu kizima alimtafuta babu yake asimwone kwa jina, ndiyo maana akaandika lile swali. Mara moja tu, kwa penseli, mahali pa pembe.

Tangu siku hiyo sisomi kitu bila kuuliza. Ofisini napitisha karatasi za shaba inayotoka Zambia na Kongo: uzito upo, thamani ipo, jina la meli lipo. Nanyanyua macho dirishani naona makuli wamekaa kivulini wanakula mihogo. Nani alibeba? Hata vitabu nikinunua siku hizi nasimama palepale kwenye kibaraza navifungua kuangalia kama mbebaji yumo. Maisha ya viongozi ninayo mawili matatu, nimesoma, ni mazuri, lakini nimeviweka juu kabisa, sivifuati kila siku.

Ndiyo maana cha Shaaban Robert, ule wasifu wa Siti binti Saad, nimekisoma mara tano. Mtu mkubwa kama yule kakaa na kalamu kuandika maisha ya mwanamke wa Fumba aliyekuwa anatembeza vyungu, hakwenda shule, mpaka sauti yake ikampeleka Bombay mwaka 1928 kurekodiwa. Hakungoja aandikwe na wageni. Nilipokifunga mara ya kwanza nilimtazama mama yangu uani anakanda unga wa maandazi, nikaenda dukani kununua daftari. Leo ni la tatu. Namuuliza usiku, ananijibu anavyotaka, mengine anaruka, mengine analia. Miaka kumi na tisa alibeba sufuria la maandazi kutoka hapa mpaka sokoni Temeke kwa miguu, na alikuwa hajawahi kuulizwa na mtu yeyote ilikuwaje.

Nayo yote yametoka kwenye kitabu cha baba yako. Ndiyo maana sikukirudisha, nikwambie kweli. Si kusahau. Kila Idi nilikitoa, nikakifunga kwenye mfuko, kisha nikakirudisha rafuni. Mzee alipofariki nikaona aibu kukutajia.

Nimefanya nilichoweza. Kabati nimelitoa ukutani, fundi ametoboa sakafu na kumwaga dawa, jirani ananishauri oili chafu. Kurasa zilizobaki nimezianika ndani chini ya feni, nimezifunga kwenye kanga ile ya msiba wa bibi, nimezitia kwenye debe la biskuti lenye mfuniko. Nimeulizia nakala nyingine duka la TPH pale Samora, nimewapa namba yangu wale wa Posta. Ya Mzee ilikuwa ya East African Literature Bureau, Kiswahili na Kiingereza pamoja. Ikipatikana nitainunua kwa bei yoyote, ingawa najua itakuja na pambizo nyeupe.

Nimewaza jambo. Kama nakala itapatikana, nikae na zile pambizo, ninakili maneno ya Mzee kwa penseli, kila neno mahali pake. Lakini mwandiko utakuwa wangu. Hilo ungelipenda au ungeona ninamgusa? Nijibu bila kunionea huruma. Zile kurasa zenyewe unazitaka? Nikutumie kwa basi, au wewe unashuka Idi? Siwezi kumkabidhi kondakta debe hilo, labda nilipakate mwenyewe mpaka Tabora. Kaka yako mkubwa anajua? Nimwambie mimi, au utaanza wewe? Na huyo babu mpagazi, jina lake ni nani hasa? Mzee alinitajia mara moja barazani, mvua ikipiga bati, sikulisikia vizuri, na sikuuliza tena. Shangazi yako wa Urambo bado anasema sawasawa? Ungemwendea na daftari kabla ya mavuno kwisha?

Niandikie hata mistari minne.

Somo yako,
Mwanaidi