YAH: STAHIKI ZA WALIOPUNGUZWA KAZINI HAZIJALIPWA, NA HESABU YAKE INA MAKOSA

Ndugu Meneja Rasilimali Watu,

Wenzetu waliopunguzwa wameambiwa watalipwa "makabidhiano yakikamilika na ukaguzi ukifungwa". Kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hakina sharti hilo. Ajira ikikoma, mwajiri hulipa na kutoa cheti cha utumishi. Fomu ya makabidhiano ni utaratibu wenu wa ndani, na haina uwezo wa kusogeza siku ya malipo.

Tatizo kubwa zaidi ni jedwali la hesabu mlilowapa wasaini. Kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10. Nyinyi mmeipata siku moja kwa kugawa mshahara wa mwezi kwa 30. Jedwali la Kwanza la sheria linagawa kwa 4.333 kupata wiki, kisha kwa siku za kazi za wiki. Mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 780,000 anayefanya kazi siku sita kwa wiki anapata 30,000 hivi kwa siku. Kwenu ni 26,000. Kwa miaka sita kamili, yaani siku 42, anapunjwa kama shilingi 168,000. Kosa hilohilo limeingia kwenye kila malipo yanayohesabiwa kwa siku.

Likizo nayo mmelipa ile ya mzunguko uliopita tu, yaani miezi 12 ya kuhesabia likizo iliyokwisha kukamilika. Mzunguko ambao haujakamilika pia una malipo: siku moja kwa kila siku 13 za kazi. Notisi ya siku 28 hamkuitoa wala hamkuilipa.

Kuhusu makato ya "vifaa vilivyopotea": kwanza mlitakiwa kumweleza mhusika kwa maandishi chanzo, kiasi na namna kilivyokokotolewa, na kumpa nafasi ya kupinga. Hata akikosa hoja, makato hayazidi robo ya ujira wake wa fedha. Neno "vifaa" peke yake kwenye karatasi ya malipo si maelezo.

Walioajiriwa kutoka mbali bado wanasubiri nauli ya kuwarudisha na familia zao. Hapa ucheleweshaji unawagharimu nyinyi wenyewe, maana kifungu cha 43 kinawadai pia fedha ya kujikimu ya kila siku kuanzia ajira ilipokoma hadi watakaposafirishwa.

Tunaomba ndani ya siku 7 kila mmoja apewe mchanganuo mpya unaotenganisha mshahara wa siku alizofanya kazi, likizo zote mbili, notisi, kiinua mgongo na nauli, kisha alipwe. Asiyekubali hesabu asilazimishwe kusaini kwamba hana madai zaidi. Alipwe kisichobishaniwa, kilichobaki kijadiliwe. Msipojibu, tutajaza Fomu Namba 1, ya kufungulia mgogoro, ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inayoshughulikia migogoro ya kazi. Dirisha la madai ya aina hii ni siku 60, na hatuna nia ya kusubiri zikaribie kwisha.

Viongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi

Nakala: Afisa Kazi wa Mkoa