Kabla ya mionzi, tuulizwe kuhusu jamaa zetu

Mhariri,

Mashine ya mionzi iliyoletwa Nakuru imewapunguzia wagonjwa wengi wa saratani safari za Nairobi, na kwa hilo tunashukuru. Kinachonikera ni fomu. Nilimsindikiza jamaa yangu kliniki fulani, na penye "Historia ya familia" karani akaandika "Hakuna" kabla hatujafungua kinywa. Maswali ya bima, lo, hayo tuliulizwa hadi tukachoka!

Wengi huvumilia mionzi, kwa hivyo mtu asitoroke miadi yake kwa sababu ya barua hii. Lakini wapo wachache ambao miili yao, tangu kuzaliwa, haiwezi kukarabati madhara yake. Mtoto mwenye ataksia-telanjiektasia hurithi kasoro ya jeni ya ATM kwa baba na kwa mama, ilhali wazazi wenyewe hawana ugonjwa huo. Jeni hiyo, iliyotambuliwa mwaka 1995, ndiyo huisaidia seli kugundua kwamba DNA imekatika. Mtoto huyumba akitembea, baadaye vimishipa vyekundu hujitokeza kwenye weupe wa macho, na saratani ya damu au ya tezi za limfu humnyemelea. Kiwango cha mionzi ambacho mwingine angekimudu kinaweza kumuua. Dalili nyingine ni protini iitwayo alfafetoprotini, ambayo kwa kawaida huwa juu katika damu yake. Ni kipimo kilekile kinachotumiwa kuchunguza saratani ya ini.

Retinoblastoma, saratani ya jicho ya watoto, ikiwa ya kurithi, mionzi huongeza hatari ya saratani ya mifupa palepale ilipopita. Ndivyo ilivyo pia kwa ukoo wenye kasoro ya TP53, jeni ambayo ikiwa nzima hukinga mwili na saratani: mwenye saratani ya matiti mara nyingi hushauriwa kuondolewa titi lote ili aepuke mionzi. Mwenye kasoro ya BRCA1, jeni nyingine inayohusishwa na saratani ya matiti, asitiwe hofu, kwani yeye huivumilia kama wengine.

Naiomba idara ya afya ya kaunti iagize daktari mwenyewe aulize nani aliugua nini, na akiwa na umri gani. Mgonjwa akikubali, shangazi au nyanya awepo, maana matanga yetu husema tu "aliugua kwa muda mrefu" na vijana hawajui zaidi. Jibu likitia shaka, mtaalamu wa jeni atafutwe, hata kwa simu, kabla mgonjwa hajapangiwa tarehe ya mashine.

Mkazi wa Lanet,
Nakuru