Risala ya wanafunzi wa uuguzi na ufundi wa vifaa tiba, Mbeya

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu wetu, wazazi na wageni waalikwa,

Itifaki imezingatiwa. Tunakushukuru kwa kukubali kuja kutusikiliza kuhusu vifaa tiba vilivyopakwa dawa ya kuua vimelea: mipira ya mkojo, mipira ya mishipa mikubwa ya damu, nyuzi za kushonea na vyuma vya mifupa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mkoa wetu unapitiwa na barabara kuu ya Tunduma, malori na bodaboda wakigombea miteremko ileile. Ugoko ukivunjika na kutoboa ngozi, vumbi huingia kabla chuma hakijawekwa. Na chuma hakina damu ya kukilinda. Mwaka 1957 watafiti Elek na Conen wa Uingereza walionyesha kuwa usaha hautungi kwenye ngozi ya mtu mwenye afya mpaka uingize mamilioni ya bakteria aina ya stafilokokasi. Palipokuwa na uzi wa hariri, mamia yalitosha. Bakteria wakishashika hujifunika ute, kama ule utelezi wa ndani ya simtanki lisilosuguliwa. Dawa ya sindano haipenyi vizuri humo, na mara nyingi dawa pekee ni kukitoa chuma.

Ndiyo maana vifaa hivi hupakwa madini ya fedha, au klorheksidini ambayo ni dawa ya kuua vijidudu, au antibayotiki kama jentamaisini, au minosaiklini pamoja na rifampisini. Dawa huchuruzika polepole na kuwawahi bakteria kabla hawajashika. Lakini nguvu yake ni ya siku za mwanzo, na protini na chumvi za mwilini huifunga fedha ikapungua makali. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2012, wenye wagonjwa zaidi ya 6,000, haukuona mpira wa mkojo wenye fedha ukipunguza maambukizi kwa kiwango cha maana kuliko wa kawaida. Kwa hiyo mpira usiohitajika utolewe leo, uwe umepakwa au haukupakwa.

Mipako hii huharibiwa na mikono yetu wenyewe. Kifaa cha kutumika mara moja kikirudishwa kwenye otoklevu, yaani mashine ya kutakasa kwa mvuke, ya nyuzi 134, antibayotiki huweza kuharibika na mpako kupasuka. Kukifuta kwa spiriti ni kuiosha dawa. Mgonjwa aulizwe kwanza kama klorheksidini humdhuru, kwani wapo wanaopata mzio mkali.

Mezani utaona jaribio letu la kupima kama mpako unaua bakteria. Kipande kilichopakwa cha sentimita 5 kwa 5 huwekewa mililita 0.4 za maji yenye bakteria, kikafunikwa na plastiki ya sentimita 4 kwa 4, kisha kikakaa saa 24 kwenye nyuzi 35 na unyevu usiopungua asilimia 90. Unyevu ukishuka, tone hukauka. Bakteria hufa kwa ukavu na mpako hupewa sifa isiyo yake. Kosa la pili halionekani kwa macho: usipoizima dawa kwa kimiminika maalumu kabla ya kuhesabu, inaendelea kuua ndani ya sahani ya kuoteshea bakteria, nawe unaandika kuwa mpako ni hodari. Kila mara tunaweka kando kipande kisichopakwa. Bila hicho namba zetu hazina maana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuna maombi mawili. La kwanza, inkubeta, yaani kabati la joto la kuoteshea bakteria, yenye betri ya akiba. Baridi ya Mbeya ya Juni na Julai unaijua. Umeme ukikatika usiku, joto linashuka na jaribio linaanza upya. La pili, utusaidie kuzungumza na hospitali za mkoa ili vyuma na mipira inayotolewa kwa sababu ya usaha ifike maabara ili bakteria wake waoteshwe na kutambuliwa, ikiwa kwenye chombo safi chenye tarehe ya kuwekwa na ya kutolewa. Sasa hivi mingi huishia kwenye tanuri la kuchomea taka, na hatujui ni bakteria gani tunaopaswa kuwapakia dawa.

Tunaomba kuwasilisha.