Mpini unasema vuta, mlango unataka kusukumwa

Mhariri,

Juzi nilikaa foleni asubuhi nzima katika ofisi moja hapa Lamu, na kwa kukosa la kufanya nikawa natazama mlango. Ni wa kioo, mpya, una mpini mrefu wa kung'aa nje na ndani, unaofanana kama pacha. Anayeingia anavuta, hana shida. Anayetoka naye anashika mpini, anavuta. Wapi! Anavuta tena kwa nguvu, kisha anatugeukia sisi tuliokaa kama mtu aliyeingia nyumba si yake. Askari kutoka kitini kwake: "Sukuma, mama! Sukuma!" Nilihesabu watu kumi na mmoja, waliosukuma mara ya kwanza ni wawili, na mmoja ni mfanyakazi wa pale pale.

Karatasi ya SUKUMA ipo, imebandikwa juu kabisa. Lakini bibi mwenye bahasha mkono huu na mjukuu mkono huu ataisoma saa ngapi? Mpini umeshamwambia: nishike, univute. Alitoka akiomba radhi. Radhi ya nini?

Mafundi wetu wa kale hawakumfanyia mtu hivyo. Simama kwenye daka, kile kibaraza cha mlangoni, la nyumba ya Mkomani, mtaa wa kale hapa Lamu: umeelekezwa mbao tupu, ukikaribishwa mkono unasukuma wenyewe. (Kufunguka kwa ndani ni sawa kwa nyumba; kwa ukumbi wa watu wengi ni hatari.)

Kwa Kiingereza milango kama hii imepewa jina la Don Norman, mtaalamu wa usanifu wa Marekani aliyeanza kuilalamikia miaka ya 1980. Wengine watasema ni mambo ya kuchekesha. Lakini tarehe 30 Desemba 1903 ukumbi wa maigizo wa Iroquois uliungua Chicago, Marekani, wakafa watu zaidi ya 600. Milango mingine ilifunguka kwa ndani, mingine ilikuwa na komeo ambazo watazamaji hawakujua zinavyofunguliwa. Mwenye hofu husukuma, hasimami kuchunguza. Baada ya hapo ndipo kikaenea Marekani kile chuma kinacholala katikati ya mlango: ukikiegemea tu, komeo linaachia.

Mlango wa ofisi hii unafunguka kwa nje, na hapo nawapa heko. Waung'oe tu ule mpini wa ndani, waweke bamba bapa la kusukuma. Fundi yeyote wa Langoni ataimaliza kazi hiyo kabla ya adhuhuri, na yule askari apate kunywa chai yake ikiwa moto.

Mwalimu mstaafu,
Langoni, Lamu