Kuhusu yale majibu ya maabara

Mpendwa rafiki yangu,

Pole sana kwa mimba iliyotoka. Katika barua yako kuna maneno yaliyonichoma: kwamba mwili wako ndio "uliomuua" mtoto, kwa sababu majibu yanasema seli za kondo la nyuma zilikufa na seli za kinga zilijaa. Nianze na hayo, mengine tutaongea.

Seli za kondo hufa kila siku, hata mimba ikiwa salama kabisa. Tabaka lake la nje, linalogusana na damu ya mama, hujijenga upya muda wote. Seli changa huungana nalo, na vilivyochakaa humeguka vikachukuliwa na damu. Kifo hicho, apoptosisi, kina utaratibu wake. Seli husinyaa, hugawanyika vipande vilivyofungwa, na makrofeji, seli za kinga zinazosafisha mabaki, huvimeza huku zikitoa kemikali za kutuliza kinga kama IL-10. Kuna kifo kingine, cha seli kupasuka. Yaliyomo humwagika, kinga huyachukulia kuwa ishara ya hatari, kemikali za kuchochea uvimbe kama TNF na IL-1β hupanda, na seli za jirani nazo huumia. Hali hiyo imeonekana katika mimba zilizoharibika, sikatai. Lakini moyo wa kijusi ukishasimama, kondo nalo hufa polepole na kinga huja kusafisha. Kipande cha kondo kilichotolewa baadaye kinaonyesha mwisho tu. Kipi kilitangulia, hakiwezi kusema, na aliyekuambia kinasema amekutwika mzigo usio wako.

Hizo seli za NK (aina ya seli za kinga zinazoitwa "wauaji asilia") walizokutishia nazo, katika miezi mitatu ya kwanza ndizo takriban asilimia 70 ya seli nyeupe zilizomo kwenye utando wa mji wa mimba. Husaidia kupanua mishipa ya damu ya mama ili kondo lishibe. Nazo seli za kondo zinazopenya ukuta wa mji wa mimba hubeba HLA-G, alama inayozungumza na hizo NK zisizishambulie. Tangu mwanabayolojia Peter Medawar alipouliza mwaka 1953 vipi mama humbeba kiumbe ambaye nusu yake ni ya baba bila kumkataa, tumejifunza kwamba kinga hailali wakati wa mimba, inashiriki kujenga.

Kwa hiyo nakusihi, usianze zile dripu za mafuta wanazotoa kutuliza NK, wala dawa za kushusha kinga. Kipimo cha NK za damu ya mkononi hakielezi zile za mji wa mimba.

Uliza kwanza kama kromosomu za mimba, yaani vibeba urithi vyake, zilipimwa, kwani karibu nusu ya mimba zinazotoka mapema huwa na kasoro hapo. Na kwa kuwa hii si mara ya kwanza, omba kipimo cha kingamwili za antifosfolipidi, zile zinazoushambulia mwili wenyewe na kufanya damu igande ovyo. Hizo kweli hudhuru kondo, na tiba yake inajulikana: aspirini ya dozi ndogo pamoja na heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Zikionekana, kipimo hurudiwa baada ya wiki 12, usikubali jibu la mara moja.

Nitumie karatasi zote, hata kwa picha ya simu. Nitazisoma nawe mstari kwa mstari.

Akupendaye daima,
rafiki yako