Chaneli 1: kazi ya Jumamosi

Wanakikundi, habari za jioni. Chaneli 1 ya redio zetu za mawasiliano inakatikakatika tena. Betri ya ripita (mtambo unaopokea sauti zetu na kuzirusha mbali zaidi) ni nzima, hata wakati wa kurusha inabaki juu ya volti 12. Kinachoonekana ni maji kwenye konekta ya antena: nguvu inarudi badala ya kutoka, ripita inajilinda kwa kupunguza wati. Ndiyo maana asubuhi kwenye umande ni mbaya, mchana jua likiwaka inapona.

Jumamosi saa 2 asubuhi tukutane chini ya mlima Mlimwa. Mchango ni 10,000 kila mmoja: konekta 2 za aina ya N na utepe wa mpira wa kuzuia maji. Selotepu ya umeme peke yake haitoshi, jua la Dodoma linaibandua. Anayeweza kupanda mnara aje na mkanda wake wa usalama. Ripita itazimwa kabla mtu hajagusa antena.

Kwa walio hewani wakati wa kazi, kuanzia saa 2 hadi saa 6:
1. Ukiachia kitufe usisikie mkia wa ripita (mvumo mfupi unaoonyesha imekupokea), subiri kidogo, jaribu mara moja tu.
2. Kimya? Hamia Chaneli 2.
3. Nayo ikigoma, Chaneli 3, ya moja kwa moja, redio kwa redio bila ripita. Hapo aliye Nala hatamsikia aliye Ihumwa, kwa hiyo walio mjini wapokezane ujumbe.

Kurudi Chaneli 1 ni kwa tangazo la kituo kikuu pekee. Tafadhali msirudi mmoja mmoja, tutapotezana.

Thibitisheni hapa kabla ya Alhamisi saa 12 jioni: jina, unakuja au la, na kama umetuma mchango. Asanteni sana.